Kazi imeharibika: ni mkono au ni uzi?

Mwezi uliopita mama mmoja aliniletea mkoba aliofuma mwenyewe. Mkoba mzuri, wa bluu, mishono imelingana mstari kwa mstari. "Dada, naona mkono wangu una kasoro," akaniambia. Alikuwa akienda nao sokoni. Siku ya kwanza ulimfika kiunoni. Wiki ya pili ulishagusa goti, na nyanya zinachungulia kwenye matundu kama vifaranga kwenye tenga. Niliuvuta kidogo, ukarefuka, wala haukurudi. Mkono wa yule mama hauna kasoro yoyote. Alifuma mkoba wa nyanya kwa uzi wa kufumia shali.

Nafuma na kufundisha wenzangu hapa Mwanza, na kazi nyingi zinazoletwa kwangu zikiitwa "nimekosea mshono" ziliharibikia dukani, sindano ya kroshia ikiwa bado haijatoka kwenye pochi. Ndiyo maana hapa naanza na dalili, halafu narudi nyuma hadi kwenye uzi. Tafuta ugonjwa wa kazi yako humu kabla hujaanza kufumua.

Kwanza ujue uzi ulio nao

Lebo ikiwepo, soma vitu vitatu: uzi umetengenezwa kwa nini, una mita ngapi kwa gramu ngapi, na sindano inayopendekezwa ni ya milimita ngapi. Shida ni kwamba nyuzi nyingi tunazozipata Makoroboi au kwa wamachinga zimeshavuliwa lebo, na muuzaji atakwambia "hii pamba safi" hata ukiwa umeshika plastiki tupu.

Basi tumia kiberiti. Kata kipande cha uzi chenye urefu wa kidole, kishike kwa kibanio juu ya sahani ya bati, maji yakiwa karibu, kisha kiwashe. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi iliyoungua na kuacha jivu laini la kijivu linalopeperuka. Sufu huwaka kwa kusitasita, hujizima ukiiondoa kwenye moto, na hunuka nywele zilizoungua. Kinachobaki ukikibonyeza kinavunjika. Akriliki huyeyuka huku ikiwaka, hutoa moshi mweusi, na mwishoni huacha punje nyeusi ngumu isiyovunjika kwa vidole. Usiiguse hiyo punje mpaka ipoe. Uzi uliochanganywa utakupa dalili zote mbili kwa pamoja, jivu na punje, na hapo umeshajua kuwa "pamba safi" ilikuwa na wenzake.

Unene nao pima kwa rula. Zungushia uzi kwenye rula bila kuuvuta na bila kuacha nafasi, kisha hesabu mizunguko iliyoingia kwenye sentimita 2.5. Kama uzi wa kazi ya zamani ulitoa mizunguko 12 na huu mpya umetoa 9, hizo ni nyuzi mbili tofauti, hata kama dukani zilionekana mapacha.

Mkoba unarefuka

Chanzo cha kwanza ni uzi laini uliosokotwa kwa ulegevu. Ushike kati ya vidole viwili uusokotoe kinyume: ukifunguka mara moja na kuwa manyoya, huo ni wa shali, kofia na vitu visivyobeba mzigo. Chanzo cha pili ni uzito wa uzi wenyewe. Pamba ni nzito kuliko akriliki kwa unene uleule, kwa hiyo mkoba mkubwa wa pamba huanza kujivuta kabla hujaweka hata kitunguu. Ukilowa mvua ya masika, ndiyo balaa.

Chanzo cha tatu kweli ni mshono, lakini unakwenda sambamba na uzi: mishono mirefu ina matundu, na matundu hufunguka. Mkanda wa mkoba ufumwe kwa mishono mifupi iliyobana, na sindano ndogo kwa nusu milimita au milimita nzima kuliko ile ya lebo.

Huku kwetu kuna dawa ambayo watu wa mbali na maji hawana. Nenda kwenye maduka ya zana za uvuvi karibu na mwalo wa Kirumba, uombe uzi wa nailoni wa kushonea nyavu. Unauzwa kwa unene tofauti, hauvutiki ovyo, haulowi kama pamba, na ukiufuma mkoba utabeba sato wawili wazima bila kulalamika. Una tabia zake, sikufichi. Unateleza, kwa hiyo fundo hujifungua. Choma ncha kidogo kwa moto hadi iyeyuke, au uifiche kwa kurudi nayo mara tatu ndani ya mishono. Unaumiza kidole cha shahada, mimi hukifunga plasta. Na nailoni hudhoofishwa na jua. Mkoba ukining'inizwa uani mwaka mzima, hata kama haujaguswa, utaanza kukatika. Kwa yule mama nilimwambia mkoba ule wa bluu aufumue amtengenezee binti yake shali, naye akanunua uzi wa nyavu wa kijani. Hajarudi kulalamika.

Kitambaa kinakuwa bakuli, au kinapiga mawimbi kama rinda

Hapa ndipo watu wengi hujilaumu, na mara nyingi wana haki. Hesabu kwanza. Duara la mishono mifupi huanza na mishono 6 na kuongezwa 6 kila mzunguko. La mishono mirefu huanza na 12 na kuongezwa 12. Ukiongeza pungufu, kingo zinasimama na unapata bakuli. Ukizidisha, unapata rinda.

Hesabu ikiwa sahihi na bado kitambaa hakilali, tazama tatizo limeanzia mzunguko gani. Kama limeanzia palepale ulipounganisha donge jipya, umempata mwizi. Donge la pili ni nene au jembamba kuliko la kwanza. Kunja nyuzi mbili zipitiane kama minyororo miwili iliyoshikana, zungusha kwa vidole, halafu pitisha kidole kutoka upande mmoja hadi mwingine. Macho hudanganyika, kidole kitaona ngazi pale unene unapobadilika.

Kama bakuli limeanza toka mzunguko wa pili, uzi na sindano havijaelewana. Uzi mnene kwa sindano nyembamba huwa mgumu kama mkeka. Panda milimita nusu, jaribu tena.

Rangi mbili kwenye kazi ya rangi moja

Hili limenigharimu pesa, kwa hiyo nitalisimulia.

Nilipewa kazi ya vitambaa vya makochi, seti nzima, vyeupe, kwa ajili ya bibi harusi. Nikanunua madonge ya pamba katika duka moja mjini, mengine yakapungua, wiki ya pili nikarudi kuongeza. Uzi uleule, karatasi ileile, muuzaji yuleyule. Nilivifuma usiku chini ya taa, vikalingana kabisa. Siku ya kukabidhi nikavitandaza kwenye kibaraza, jua la saa nne likivipiga, na mama wa bibi harusi akanyamaza. Vinane vilikuwa vyeupe kama karatasi. Vinne vilikuwa vyeupe kama maziwa.

Kiwandani uzi hutiwa rangi kwa mafungu, na kila fungu hupewa namba yake. Namba hiyo ipo kwenye lebo, mbali na namba ya rangi yenyewe. Rangi moja inaweza kuwa na mafungu mengi, na hakuna fungu linalofanana na lingine asilimia mia. Nyeupe ndiyo yenye hila zaidi, maana nyuzi nyingi nyeupe hutiwa dawa ya kung'arisha inayowaka kwenye mwanga wa jua na kujificha kwenye taa za ndani. Toka nje na madonge yako. Muuzaji akikasirika, mwachie mfuko wako kama rehani, lakini toka nje.

Ukishanunua mafungu mawili na duka halina mengine, yatumie yote tangu mwanzo: mstari mmoja donge hili, mstari wa pili lile. Tofauti itasambaa na jicho halitaona mpaka. Mimi sikuwa na nafasi hiyo tena. Vile vinne nilivifumua nikafuma upya kwa siku tatu, na faida yote ikaishia kwenye mafuta ya taa na chai.

Rangi inachuja

Nyekundu, bluu iliyoiva na nyeusi za pamba ndizo wahalifu wakubwa. Akriliki mara nyingi haichuji, kwa sababu rangi yake hushikwa ndani kabisa ya uzi. Kabla ya kufuma nyekundu pamoja na nyeupe, lowesha kipande cha uzi mwekundu kwa maji ya uvuguvugu yenye sabuni, ukiweke ndani ya kitambaa cheupe, ukandamize kwa sufuria nzito hadi kikauke. Kitambaa kikipata doa, rangi hiyo usiichanganye.

Kuna ushauri unaozunguka wa kuloweka uzi wa pamba kwenye siki au maji ya chumvi ili rangi ishike. Haufanyi kazi. Siki husaidia rangi za sufu na nailoni, tena wakati wa kutia rangi kwa moto. Chumvi hutumika kwenye pamba, lakini ndani ya sufuria ya kutia rangi. Uzi ukishatoka kiwandani na rangi iliyolegea, chumvi ya jikoni haiwezi kuibandika. Dawa ni kusuuza uzi mara nyingi kabla ya kufuma mpaka maji yatoke safi. Maji yasipotoka safi baada ya mara saba au nane, fuma mkeka wa mlangoni.

Mtoto analia akivalishwa

Swali la kwanza ambalo bibi atakuuliza ni kama umempa mtoto uzi unaowasha. Sufu ya kawaida huwasha ngozi changa, hilo halina ubishi. Ila hapa Mwanza tatizo ninalokutana nalo zaidi ni joto. Akriliki hainywi jasho. Mtoto aliyevikwa seti nzima ya akriliki, kofia hadi soksi, saa saba mchana ndani ya daladala la kwenda Buzuruga, analia kwa sababu amelowa. Mfumie kwa pamba, mishono yenye nafasi.

Akriliki usiitupe, ina saa zake. Safari ya asubuhi ya meli kwenda Nansio, upepo wa ziwa unapokuja moja kwa moja usoni, sweta la akriliki ni jepesi, lina joto na likirushiwa maji linakauka upesi. Kitu nisichokubali kabisa kwa mtoto mchanga ni uzi wa manyoya manyoya. Nyoya huingia mdomoni, na shimo kwenye soksi za uzi huo hulioni mpaka kidole kimenaswa.

Na mtoto anayetambaa karibu na jiko la mkaa, kumbuka ile punje nyeusi ya kiberiti. Kitu kinachoyeyuka hunata kwenye ngozi. Kwa sababu hiyohiyo vishikio vya sufuria hufumwa kwa pamba tupu, mara mbili unene. Nimeletewa cha akriliki kilichoganda kwenye mfuniko. Hakikuwa na matibabu.

Sindano inapasua uzi

Unaingiza ndoano, inatoka imebeba nusu ya uzi na kuacha nusu. Angalia msokoto kwanza, kama nilivyosema kwenye mkoba. Angalia pia ncha ya sindano: iliyochongoka sana hutoboa, ya mviringo hupita pembeni.

Kwenye pamba kuna jambo lingine, urefu wa nyuzinyuzi zenyewe. Sisi tunaishi katikati ya pamba. Mbegu zinatafitiwa Ukiriguru, Misungwi, na herufi UK kwenye majina kama UK91 na UKM08 zinatokana na jina hilo. Pamba ya huku ina nyuzinyuzi za urefu wa kati, karibu sentimita 3. Kuna pamba za nchi nyingine zenye nyuzinyuzi ndefu zaidi, na uzi wake hung'aa, haupasuki upesi wala hautoi vipele, yaani vile vidonge vidogo vya manyoya vinavyoota juu ya kazi. (Inaniuma kila msimu nikiona malori ya pamba yakishuka kwenye vinu, kisha naingia dukani nakuta donge la gramu 50 limeandikwa Uturuki.) Uzi wa pamba unaong'aa kama hariri umepitishwa kwenye magadi makali ya kiwandani, njia aliyoigundua Mwingereza John Mercer katikati ya karne ya 19. Huo ni imara zaidi na haupasuki ovyo. Kwa vitambaa vya meza hauna mpinzani. Kwa taulo la vyombo mimi huchukua ule usiong'aa, unanywa maji vizuri zaidi.

Vipele juu ya sweta

Uzi laini mno. Ule unaoubembeleza shavuni dukani ukasema "jamani, huu!" ndio utakaotoa vipele kwapani baada ya mwezi. Sugua uzi kwa dole gumba mara ishirini kabla ya kulipa. Ukianza kuota manyoya, umeshajibiwa.

Sweta limesinyaa, au limelegea kama ulimi

Kusinyaa ni kazi ya sufu. Nywele za kondoo zina magamba madogo. Maji ya moto, sabuni na kusuguliwa huyafanya yashikane, na yakishashikana hayaachani. Sweta la baba linakuwa la mtoto wa darasa la pili. Hakuna kulirudisha, kata utengeneze pochi.

Kulegea ghafla ni kazi ya pasi juu ya akriliki. Joto huulainisha uzi, mishono inalala, kazi inabaki inaning'inia bila uhai. Nalo halirudi. Ukitaka kunyoosha kazi ya akriliki, iloweshe, itandaze juu ya taulo, ibane kwa pini, iache ikauke.

Hapa niseme neno kuhusu masweta ya mtumba, kwa kuwa wengi tunapata sufu nzuri kwa njia hiyo. Pale Mlango Mmoja, kwa bei ya madonge mawili ya dukani unaweza kupata sweta lenye uzi wa kutosha kofia tano. Ila geuza ndani kwanza. Ukiona mshono wa pembeni umepigwa kwa mashine ya kuziba kingo, nyuzi zikiwa zimekatwa na kufunikwa, achana nalo: ukilifumua utapata vipande vya urefu wa mkono, kila mstari kipande chake. Tafuta lile ambalo kingo za pande mbili ni nzima na zimeunganishwa kwa uzi mmoja unaovutika. Hilo linafumuka kama hadithi. Angalia viwiko, angalia kama limeshasinyaa; sufu iliyoshikana haifumuki, inachanika.

Uzi uliofumuliwa huwa umejikunja kama tambi. Ukiufuma hivyo, kazi itakuwa na vilima. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti uwe kitita, funga sehemu nne, loweka kwenye maji ya uvuguvugu bila kusugua, kisha utundike na chupa ya maji nusu lita ikiuvuta chini. Kesho yake umenyooka.

Uzi umeisha, kazi haijaisha

Kosa ni kununua kwa gramu. Kazi hula mita. Pima mita 10 za uzi, funga hapo kiuzi cha rangi nyingine kama alama, fuma kipande mpaka uifikie alama, halafu pima kipande chako. Tuseme umepata sentimita 10 kwa 10. Blanketi la mtoto la sentimita 80 kwa 80 ni vipande hivyo 64, sawa na mita 640. Donge la akriliki la gramu 100 lenye mita 200: madonge 4, na kinabaki cha kufumia kingo. Sasa chukua pamba ya unene uleule, gramu 100 zilezile. Kwa sababu pamba ni nzito, donge linaweza kuwa na mita 160 tu. Manne yanakufikisha mita 640 kamili, na hujafuma kingo, hujaficha hata ncha moja.

Chukua la tano siku hiyohiyo, namba ileile ya fungu, na kabla ya kulipa mwombe muuzaji akubali kulirudisha likiwa halijafunguliwa. Wengi wanakubali ukiwa mteja wao. Asipokubali, kofia ya mtoto ya kuendana na blanketi inalimaliza.